Mwenye Nyundo Si Kibarua



Katika mkutano wa juzi juu ya vyeo na mishahara, mkubwa mmoja wa kazi alisema neno ambalo halifai kupita bila kujibiwa. Tulikuwa tukizungumza juu ya wakaguzi wa mabehewa, wale wenzetu wanaopita kando ya gari usiku na mchana, nyundo mkono huu na taa mkono huu. Tuliomba wahesabiwe kuwa mafundi. Bwana Mkubwa akacheka. Akasema, "Gurudumu ni gurudumu tu, duara la chuma. Mtu wa kuligonga na kusikiliza mlio si fundi, ni kibarua. Na siku hizi ziko mashine kando ya reli za kufanya kazi hiyo." Kisha akatuonyesha mpango wake: wakaguzi wapunguzwe, na watakaobaki wapewe muda mfupi zaidi kwa kila behewa.

Jina lake hatulitaji, maana shida si mtu mmoja. Maneno hayo husemwa na wakubwa wengi, na mara nyingi na watu ambao hawajainama hata siku moja kutazama chini ya behewa. Basi leo tutamjibu, na tutaanza na lile duara lake.

GURUDUMU SI DUARA TU

Gurudumu la reli si kama la mkokoteni wala la motokaa. Motokaa ikipinda kona, gurudumu la nje huenda mbio kuliko la ndani, kila moja kwa mwendo wake. Lakini magurudumu mawili ya reli yameshindiliwa katika ekseli moja mpaka yakawa kitu kimoja. Likizunguka moja, la pili nalo huzunguka, sawasawa, wala hakuna la kumtangulia mwenzake. Katika karakana tundu la gurudumu hukerezwa liwe dogo kidogo kuliko ekseli, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona, kisha gurudumu husukumwa kwa mashine yenye nguvu ya makumi ya tani mpaka likae mahali pake. Hakuna msumari wala gundi. Ile tofauti ndogo ndiyo inayolishika. Fundi akikosea hapo kwa unywele mmoja, gurudumu litalegea au litapasuka.

Sasa mwulizeni Bwana Mkubwa: ikiwa magurudumu mawili yamefungwa pamoja, na katika kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, gari hupitaje? Atawajibu kwamba ule ukingo wa ndani wa gurudumu ndio unaolizuia lisitoke. Watu wengi hudhani hivyo. Si kweli. Ukingo ni mlinzi wa mwisho tu. Kazi yenyewe hufanywa na uso wa gurudumu, kwa sababu uso huo haukulala sawa, umeinama. Karibu na ukingo gurudumu ni nene, na kwa upande wa nje ni jembamba. Kipimo cha zamani kinachojulikana sana ni inchi moja kwa kila inchi 20.

Mtoto wa shule aweza kujaribu jambo hili nyumbani. Chukua vikombe viwili vyenye midomo mipana na vitako vyembamba, uvibandike mdomo kwa mdomo, kisha uviviringishe juu ya fito mbili zilizolazwa sambamba. Vikienda upande, vitarudi katikati vyenyewe. Ndivyo ilivyo kwa gurudumu. Ekseli ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto hukanyaga reli kwa sehemu yake nene na la kulia kwa sehemu yake nyembamba. La kushoto basi huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na ekseli yote hugeuzwa kurudi katikati. Hakuna usukani katika gari la moshi. Usukani wake ni ule mwinamo.

Lakini mwinamo huo huliwa. Kila siku chuma husuguana na chuma, na pale pa kukanyagia huchimbika kidogo kidogo mpaka uso unakuwa kama mgongo wa farasi mzee. Hapo gurudumu limepoteza usukani wake. Behewa huanza kuyumba likienda mbio, na ukingo, ambao haukuwekwa kwa kazi hiyo, husugua reli kila kona mpaka nao unakuwa mwembamba kama kisu. Dereva akifunga breki kwa nguvu na gurudumu likaburutwa bila kuzunguka, hufanyika bapa, na tangu hapo kila mzunguko ni pigo la nyundo juu ya reli. Ni nani anayeyaona haya kabla hayajawa msiba? Ni yule yule anayeitwa kibarua, mwenye kipimo chake cha bati mfukoni, anayeinama kupima unene wa ukingo kwenye mvua.

JINSI LINAVYOUNGWA

Zamani gurudumu lilikuwa vitu viwili. Palikuwa na kiini chenye kitovu na njiti, na juu yake palivishwa tairi la chuma. Tairi hilo lilikerezwa liwe dogo kidogo kuliko kiini, kisha likachomwa moto mpaka likapanuka, kiini kikaingizwa ndani, na lilipopoa likakibana kwa nguvu. Faida yake ni kwamba tairi likiisha, huvuliwa likavishwa jipya, na kiini hubaki. Hasara yake kila mzee wa reli anaijua: lililovishwa kwa moto huvuliwa kwa moto. Gari likiteremka mlima mrefu na breki zikibana uso wa gurudumu, joto huingia, tairi hupanuka, likaanza kulegea na kuteleza juu ya kiini chake. Kwa hivyo mafundi walipiga mstari wa rangi uliovuka tairi na kiini pamoja. Asubuhi mkaguzi akiona mistari miwili haikutani, ajua tairi limetembea usiku.

Na reli yetu ni reli ya milima. Kutoka Mombasa huanza usawa wa bahari, hufika Nairobi zaidi ya futi 5,000, na kule Timboroa hupita futi 9,000. Kinachopanda lazima kishuke, na kila mteremko hulipwa na magurudumu.

Siku hizi magurudumu mengi ni ya kipande kimoja. Bonge la chuma huchomwa mpaka likawa jekundu kabisa, hupigwa na mashine kubwa, hutobolewa, huviringishwa mpaka likapata umbo, kisha mdomo wake hupozwa kwa maji ili uwe mgumu kuliko kitovu. Hilo halivuki tairi, maana halina. Lakini msidhani basi kazi ya mkaguzi imekwisha. La kipande kimoja nalo hupasuka, hulika, na hupata bapa. Na ekseli ni ile ile.

JINSI YANAVYOPANGWA

Tazameni sasa mpango wake. Behewa refu halina magurudumu yaliyofungwa moja kwa moja chini yake. Lina vigari viwili vidogo, kila upande kimoja, ambavyo mafundi huviita bogi, na kila bogi ina magurudumu manne. Bogi hugeuka katika kona bila behewa kugeuka, na uzito wote hugawanywa kwa magurudumu manane. Kugawanya uzito ndiyo siri kubwa ya reli. Pale gurudumu linapogusa reli, mahali pa kugusana hapazidi sana ukucha wa kidole gumba. Juu ya ukucha huo hukaa tani nyingi za chuma, mizigo na watu.

Wazee wetu waliyajua haya kwa macho katika zile injini kubwa za Garratt, ambazo hazifanyi tena kazi. Herbert Garratt aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1907. Mpango wake ulikuwa kutundika tangi la mvuke katikati, juu ya vyombo viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Mwaka 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ililetewa kutoka Manchester injini 34 za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima. Moja, Mount Gelai, iko katika makumbusho ya reli Nairobi, na kila mwanachama ampeleke mwanawe akaione. Uzito wake ni tani 252. Mafundi huandika mpango wa magurudumu yake hivi: 4-8-2+2-8-4. Maana yake, kila upande, manne madogo ya kuongoza, manane makubwa ya kuvuta, na mawili madogo ya kuchukua uzito. Jumla ni 28. Hata hivyo kila ekseli kubwa ilikanyaga reli kwa tani 21 hivi, na kwa hivyo injini hizo zilihitaji reli nzito. Kwa njia zenye reli nyepesi palikuwa na aina ya 60, yenye mpango ule ule wa magurudumu 28 lakini ekseli zake zilikanyaga kwa tani 11 hivi tu.

Sasa hesabuni katika hiyo Mount Gelai. Yanayovuta ni 16. Yale 12 madogo hayavuti hata gunia moja la mahindi. Mtu wa hesabu za pesa akiyaona atasema, "Haya hayaleti faida, yaondoeni." Yaondoe basi, uone kona ya kwanza itakufanya nini. Yale manne ya mbele ndiyo yanayoipeleka injini ndani ya kona kabla yale makubwa hayajafika. Ndugu, mkaguzi ni gurudumu dogo la mbele. Havuti, hapakii, hauzi tikiti. Katika daftari la faida haonekani. Lakini bila yeye wale wanaovuta wataingia shimoni.

CHUMA NACHO HUCHOKA

Bwana Mkubwa husema chuma ni chuma. Hajui kwamba chuma huchoka kama mtu.

Ekseli yenye mzigo hupinda kidogo, hata kama jicho halioni. Upande wa juu huvutwa na wa chini hubanwa. Ikizunguka nusu, ule uliovutwa hubanwa, na ule uliobanwa huvutwa. Chukueni gurudumu lenye kipenyo cha milimita 840. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa ile reli ya zamani, mwendo wa kilomita 530 hivi, litazunguka kama mara 200,000. Mara 200,000 ekseli imepindwa huku na huku katika safari moja, na kesho itarudi. Katika karne ya 19, August Wöhler wa Prussia alizipima ekseli za reli kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba chuma kisichoweza kuvunjwa na mzigo mmoja huvunjwa na mzigo mdogo kuliko huo ukirudiwa mara nyingi. Huanza na alama ndogo, pengine kutu, pengine mkwaruzo wa chombo cha fundi. Alama huwa ufa. Ufa hutambaa polepole siku nyingi, kisha siku moja hukimbia.

Yafaa tuseme pia, maana ni kweli, kwamba lililompata chuma hutupata sisi. Mfanya kazi aliyezidishiwa saa usiku baada ya usiku hapasuki siku ya kwanza. Lakini waliojifunza kupima uchovu wa ekseli bado hawataki kupima uchovu wa mtu anayeikagua.

Nyundo ni ya nini? Gurudumu zima la chuma likigongwa hulia kama kengele. Lenye ufa, au lenye tairi lililolegea, hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Kujua sauti hizo mbili si kazi ya siku moja. Kuna sauti ya gurudumu lililobanwa na breki, ya lililojaa matope, na ya jipya. Mzee mmoja aliyenifundisha alinikataza kugonga kwa mwezi mzima. Alisema, "Kwanza sikiliza ninavyogonga mimi." Aligonga, akaniuliza nimesikia nini, nikakosea, akagonga tena. Hiyo si kazi ya kibarua. Ni elimu, ijapokuwa haina cheti cha kutundikwa ukutani.

WALIPOKATAA KUSIKIA

Labda Bwana Mkubwa atasema haya ni maneno ya chama. Basi tumpe habari za nchi nyingine, ambazo zimeandikwa na wachunguzi wa serikali na kusemwa mbele ya mahakama.

Uingereza, tarehe 24 Desemba 1874. Watu walikuwa wengi kwa ajili ya Krismasi. Katika stesheni ya Oxford liliongezwa behewa moja kuukuu la daraja la tatu, behewa la maskini, likawekwa nyuma tu ya injini. Karibu na Shipton-on-Cherwell tairi la gurudumu la behewa hilo lilikatika. Watu 34 walikufa. Tairi hilo lilikuwa limefungwa kwa misumari iliyopita katika matundu, na matundu hayo hulidhoofisha tairi. Palikuwa tayari na njia bora ya kulishika kwa pete za pembeni. Njia bora ilikuwako, ila haikuwa imefika kwenye behewa la maskini.

Ujeruman, tarehe 3 Juni 1998. Treni ya mwendo wa kasi ilikuwa ikienda Hamburg kwa kilomita 200 kwa saa. Hapo kwanza treni za aina hiyo zilikuwa na magurudumu ya kipande kimoja, lakini yalitikisa vyombo katika behewa la chakula. Ili abiria wale kwa raha, wakubwa waliweka gurudumu la namna nyingine: kiini, kisha mpira, kisha tairi la chuma juu yake. Tairi likawa likipindwa kila mzunguko juu ya ule mpira, na ufa ukaanza kwa ndani, mahali pasipoonekana. Lilipokuwa jipya gurudumu lilikuwa na kipenyo cha milimita 920. Siku ile lilikuwa limelika hadi 862. Sheria ya kampuni iliruhusu hadi 854. Yaani kwa karatasi, gurudumu lilikuwa zima! Tairi lilikatika, likapenya sakafu ya behewa, na karibu na kijiji cha Eschede treni ikaacha njia na kugonga nguzo ya daraja. Daraja likaangukia mabehewa. Watu 101 walikufa.

Sikilizeni sasa linalotuhusu. Katika miezi miwili kabla ya siku hiyo, wafanya kazi wa treni walikuwa wameandika malalamiko mara nane juu ya kelele na mtetemeko wa bogi ile ile. Mara nane! Na mwaka 1997 watu wa tramu za mji wa Hannover, waliotumia magurudumu ya namna hiyo, waliona yanachakaa upesi kuliko ilivyodhaniwa, wakayabadilisha mapema, wakawaonya wengine. Kesi ilipokwisha mwaka 2003, wahandisi watatu walilipa euro 10,000 kila mmoja, na kesi ikafungwa. Magurudumu yenye mpira yaliondolewa katika treni hizo, yakarudishwa ya kipande kimoja. Mithali yetu yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo ni mkuu aliyekataa kusikia la mdogo, na miguu iliyovunjika haikuwa yake.

Italia, tarehe 29 Juni 2009, katika mji wa Viareggio. Ekseli ya behewa la gesi ilivunjika kwa ufa ulioanza penye kutu. Gesi ikawaka usiku, ikateketeza nyumba za watu waliolala. Walikufa watu 32.

MASHINE KANDO YA RELI

Twaja kwenye mashine. Sisi hatupingi mashine. Mashine ya sauti inayoona ufa ndani ya ekseli ni rafiki ya mkaguzi, na twataka ziletwe. Tunachopinga ni mashine kufanywa kisingizio cha kufukuza watu.

Tazameni East Palestine, katika jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 3 Februari 2023. Gari la mizigo lilikuwa na behewa moja ambalo beringi ya gurudumu lake ilikuwa ikipata moto. Kando ya reli ziliwekwa mashine za kupima joto, kama hizi tunazoahidiwa. Ya kwanza ilikuta beringi imezidi joto la hewa kwa digrii 21 za sentigredi. Ya pili ilikuta digrii 57. Lakini kipimo cha kupiga kengele kilichowekwa na kampuni kilikuwa juu ya hapo, na dereva hakuambiwa asimame. Mashine iliyofuata ilikuwa mbele kilomita 30 hivi. Gari lilipofika huko, joto lilikuwa limezidi kwa digrii 140. Kengele ikalia, dereva akafunga breki, lakini beringi ilikuwa imekwisha. Mabehewa 38 yaliacha njia, mengine yakiwa na sumu, na watu wa mji wakahamishwa nyumba zao. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 600 kuwalipa watu waliodai.

Hapo mashine haikusema uongo. Ilipima, ikaandika. Lakini mashine haina hofu. Mtu aliyeona digrii 21 zikawa 57 angejiuliza kesho zitakuwa ngapi. Na vyama vya wafanya kazi wa reli wa huko vilikuwa vikilalamika kwamba wakaguzi wamepunguzwa na muda wa kulitazama kila behewa umekatwa. Si ndio mpango huu huu tulioonyeshwa juzi? Yaani twaletewa kwa mbwembwe ugonjwa ambao wenzetu wanauguza.

Tena mhesabu Bwana Mkubwa, kwa kuwa apenda hesabu. Akimpunguza mkaguzi mmoja ataokoa mshahara mmoja, nao ni mdogo. Gari moja likianguka njiani atalipa injini, mabehewa, mizigo, reli, siku za kufunga njia, na roho za watu, ambazo hazina bei. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika reli huo si msemo tu. Ufa ni ufa wenyewe.

NA SISI WENYEWE

Lakini hatutakuwa wakweli tukimlaumu mkubwa peke yake. Wako kati yetu wanaoandika katika daftari "nimekagua" nao wamekaa kibandani wakinywa chai. Wako wanaosaini gari la mabehewa 40 kwa dakika kumi, kwa sababu dereva anapiga honi na msimamizi anapiga kelele. Ndugu, ukisaini usichokitazama, umemsaidia Bwana Mkubwa. Kesho gari likianguka, daftari litatolewa mezani, na sahihi itakayosomwa si yake, ni yako. Na atakayekuwa amelala chini ya behewa ni dereva mwanachama mwenzako, au shanta, au mama aliyekuwa akipeleka watoto nyumbani.

Twakumbuka pia mwaka 1947 Mombasa, mwezi wa Januari, wafanya kazi wa bandari na wa reli walipoweka kazi chini pamoja na maelfu ya wengine. Wakati huo mtu wa gati hakusema mambo ya reli hayanihusu. Leo dereva asiseme mambo ya mkaguzi hayamhusu. Magurudumu mawili katika ekseli moja: likikwama moja, la pili haliendi.

TUNALODAI

Kwa hivyo chama chetu kinadai mambo haya, nayo yatapelekwa kwa maandishi:

1. Mkaguzi wa mabehewa ahesabiwe kuwa fundi, apewe mafunzo ya fundi, na alipwe mshahara wa fundi.

2. Muda wa kukagua upangwe kwa hesabu ya ekseli zilizoko katika gari, si kwa saa ya kuondoka gari. Gari lisilokaguliwa lisiondoke.

3. Mkaguzi akilikataa behewa, lisitembee mpaka fundi mwingine alitazame na kutia sahihi yake mwenyewe. Wala mkaguzi asiadhibiwe kwa kuchelewesha gari.

4. Malalamiko ya dereva, gadi na wahudumu juu ya kelele au mtikisiko yaandikwe katika kitabu kimoja, na wajumbe wa chama wawe na ruhusa ya kukisoma kila wiki. Kule Ujeruman yaliandikwa mara nane na hapakuwa na mtu wa kuuliza yamefikia wapi.

5. Mashine mpya zikiletwa, wakaguzi wafundishwe kuzitumia, na asifukuzwe mtu hata mmoja kwa sababu yake. Kipimo cha kupiga kengele kisiwekwe na mtu wa pesa peke yake.

6. Nyundo, vipimo, taa, viatu na makoti ya mvua vitolewe na mwajiri. Ni aibu mtu kukagua roho za watu mia kwa taa aliyoinunua mwenyewe.

Wajumbe wa kila stesheni na kila karakana wasome madai haya mbele ya wanachama kabla ya mkutano ujao, na warudishe majibu. Mwenye habari ya gurudumu alilolikataa likalazimishwa kutembea, aiandike: siku, namba ya behewa, na aliyetoa amri. Maneno ya mdomo hupeperushwa na upepo, lakini namba ya behewa haibishwi.

Na wewe, Bwana Mkubwa, kama jarida hili litafika mezani pako, kama majarida mengine yalivyofika bila sisi kuyaleta, twakualika. Njoo uwanjani saa tisa za usiku, mvua ikinyesha, gari la mizigo likiwa tayari kuteremka pwani. Tutakupa nyundo. Gonga gurudumu la kwanza, kisha la pili, mpaka mwisho wa gari. Halafu tuambie mbele ya dereva, na yeye akiwa amekwisha panda: lipi ni zima, na lipi lina ufa? Ukijua, tutakubali kwamba kazi hii ni ya kibarua. Usipojua, tutasaini pamoja ukurasa wa mishahara ya mafundi.

Umoja ni nguvu.

Mkaguzi